Wenye Haja na Mnara wa Mbaraki

Mnara wa Mbaraki hauna jirani wa rika lake. Ukishuka kutoka upande wa Ganjoni, Mombasa, kuelekea horini, unapokewa na kuta za maghala, mageti ya bati, malori yanayosubiri zamu, na vumbi la bandari ambalo halichagui pa kutua. Kisha, mahali ambapo hukutarajia kitu chochote chenye umri, unakuta umesimama mnara wa mawe ya matumbawe, urefu wake mita 14 hivi, mtupu ndani, na miguuni pake pana msikiti mdogo. Meli hupita karibu. Honi ya lori hujibiwa na honi ya lori jingine. Mnara uko vilevile.

Ukiusogelea, hutaona jiwe lililochongwa likanyooka kama tofali la kiwandani. Ni vipande vya tumbawe vilivyopangwa kwa jicho la fundi na kushikamanishwa kwa chokaa. Pale ambapo lipu imebanduka, jiwe lenyewe linaonyesha vitundu vya wadudu wa baharini waliolijenga kabla ya fundi kuzaliwa. Ni kitu chepesi kuliko kinavyoonekana, chenye kunyonya maji ya mvua na chumvi ya upepo, na kwa kawaida ya ujenzi hakikupasa kufika leo bila mtu wa kukiangalia. Hilo ndilo linalonishughulisha. Kwa karne kadhaa hapakuwa na idara wala sheria ya kulinda majengo ya kale, wala kibao cha kumwambia mpita njia kwamba hapa pana historia. Nani aliulinda mnara huu?

Upande huu wa kisiwa haukuwa nyuma ya mji kama unavyoonekana sasa. Hapa kusini palikuwa na mji wake, ambao Wareno waliutia katika ramani zao kwa jina la Tuaca, mji unaohusishwa na watu wa Kilindini, mmojawapo wa miji mitatu ya muungano wa Thelatha Taifa pamoja na Changamwe na Tangana. Upande wa pili, kuelekea bandari ya zamani, walikaa watu wa muungano wa Tisa Taifa, wenye Mvita. Kwa hivyo Mombasa ilikuwa miji miwili ndani ya kisiwa kimoja, na mmoja wao umetoweka kiasi kwamba mwenyeji wa leo anaweza kutembea juu yake, akanunua madafu na mihogo ya kukaanga pembeni mwa mibuyu ya ufukwe wa Mama Ngina, asijue kwamba anakanyaga mji.

Msikiti wa Mbaraki ni wa wakati huo. Wachunguzi wa mambo ya kale wanauweka kwenye karne ya 15. Ibn Battuta alikuwa amepita Mombasa mapema kuliko hapo, mwaka 1331, akaona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni pa kila msikiti kisima kifupi, ambacho mtu huteka maji kwa chombo cha mti, akaosha miguu, ndipo akaingia. Basi msikiti huu wa mawe ulijengwa katika mji ambao tayari ulikuwa na adabu zake za kuingia nyumba ya ibada. Baadaye ukaachwa, na mnara ukainuliwa pembeni yake, yamkini kwenye mwaka 1700 au karibu na hapo. Juu ya kazi ya mnara hakuna kauli moja. Wapo wasemao ni kaburi la mkubwa wa Wachangamwe, kwa kuwa makaburi yenye nguzo ni jambo la kawaida tangu Lamu hadi Kunduchi. Hamo Sassoon, aliyeongoza makumbusho ya Fort Jesus na kupachunguza mahali hapa, alielekea zaidi kwenye maelezo mengine: kwamba mnara ulijengwa uwe makao ya pepo.

Sina haja ya kuamua baina yao. Ninachokiona ni kwamba maelezo yote mawili yanamwita mtu mmoja, maana kaburi huzuriwa na pepo huombwa: mwenye haja. Msikiti ulipokosa waumini wake, mahali penyewe hapakukosa watu. Walikuja wenye kuomba mvua na wenye kuuguza, na wenye jambo zito lisilosemeka mbele ya majirani. Walikuja na ubani na marashi, wakafukiza, wakanena walilokuja nalo, wakaenda zao. Hawakuwa wakihifadhi urithi. Hata msamiati huo hawakuwa nao. Lakini mtu anayekuja kuomba hapendi kukuta magugu yamefunika mlango, atayang'oa. Na mahali panapoogopwa hapaibiwi mawe. Anayejua habari za magofu ya pwani anaelewa uzito wa jambo hilo, kwa sababu nyumba ya mawe iliyohamwa ni machimbo yaliyo tayari: jiwe limekwishakatwa, na kinachotakikana ni punda na asubuhi moja.

Mwenye msimamo wa dini ataniuliza: unasifu ushirikina? La. Najua vizuri kwamba anayeswali leo katika msikiti ule, ambao ulitengenezwa ukarudishiwa ibada yake, hatakubaliana na aliyekuja jana na chupa ya marashi kumlilia pepo. Wala mwanahistoria mwenye daftari hatakubaliana na mmoja wao kikamilifu. Lakini hao watatu, wasiokubaliana juu ya mnara ni wa nini, ndio walioufikisha hapa kwa kupokezana, kila mmoja kwa haja yake. Kama tungengoja kwanza waafikiane, tungekuwa na rundo la mawe.

Ukitaka mfano ulio mtulivu zaidi, nenda Takwa, kisiwani Manda. Mji umekufa tangu karne ya 17, hakuna anayelala hapo, lakini kaburi lenye nguzo linajulikana njia yake. Watu wa Shela, wanaojihesabu kuwa wametokana na huko, wamekuwa wakivuka maji kwenda kulizuru na kuomba mvua. Ziara hiyo imefanya kazi ambayo bajeti isingeweza: imehakikisha kwamba kila kizazi kina mtu anayejua pa kuteremkia na wa kusomewa Fatiha.

Na haja haichagui kuwa njema. Fort Jesus ilianzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, ikapokonywa, ikarudiwa, ikapokonywa tena. Lakini kilichoivusha ngome hiyo katika zama za Mwingereza hakikuwa heshima kwa Cairati. Ilikuwa jela, tangu 1895 hadi 1958. Serikali iliyohitaji kufungia watu ilihitaji kuta zisizovunjika, ikazitunza. Ndipo yakaja makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Mtalii anayepiga picha leo mbele ya ukuta wa matumbawe anapiga picha ya kitu ambacho, pamoja na mengine, wafungwa walikilipia.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana nikiishia kusema kwamba haja ndiyo mlinzi, kila mwenye buldoza atanipigia makofi. Yeye pia ana haja. Bandari inahitaji uwanja wa makontena. Mrithi anahitaji fedha. Familia iliyokua inahitaji ghorofa ya tatu juu ya nyumba ambayo msingi wake haukuahidi zaidi ya mbili. Kuna haja ya jengo, na kuna haja ya kiwanja. Aliyekuja na ubani Mbaraki alihitaji mnara ule, hapo ulipo. Ukimhamishia kwingine, umemharibia shughuli yake. Mwenye ghala alihitaji ardhi iliyo karibu na gati. Mnara kwake ni kizuizi au si kitu. Majengo mengi ya zamani tunayoyapoteza kwenye kisiwa hiki yanakufa yakiwa yamezungukwa na watu wanaoyahitaji sana, ila wanachokihitaji ni kilicho chini yake.

Mji wa Kale unaonyesha hili kuliko mahali pengine popote. Mzungu aliyekuwa katika msafara wa Francisco de Almeida, ulioichoma Mombasa mwaka 1505, aliacha maelezo ya mji wenye nyumba za mawe, nyingine za orofa tatu, zote zimepigwa chokaa, na njia nyembamba mno, tena zikazidi kubanwa na viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba. Viti hivyo ni baraza. Aliziona kama kasoro ya barabara. Mwenyeji anajua kwamba bila baraza barabara haina kazi. Hapo ndipo mgeni hupokewa bila ya kuingizwa ndani, habari za msiba husambaa, mahari hujadiliwa, na kahawa tungu ikapita mkono kwa mkono. Nyumba nyingi zinazosimama sasa Ndia Kuu na Kibokoni si za 1505. Ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zenye roshani za mbao zilizonakshiwa kwa mikono iliyofunzwa Gujarat na Kutch, na milango ambayo fremu zake zina thamani kuliko samani zote za ndani. Lakini ile haja ya baraza ni moja, na ndiyo iliyozibakisha hizo ndia katika upana wake.

Nyumba ya mawe ya pwani haikujengwa iachwe. Dari yake hukaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, kwa hivyo chumba hakizidi mita tatu hivi kwa upana, kiwe kirefu kitakavyo. Kuta ni matumbawe, nene, zenye kupumua. Chokaa yake hutokana na matumbawe yaleyale: hupangwa juu ya magogo, huchomwa, huzimwa kwa maji, kisha huachwa ilale kwa miezi kabla ya kufanyiwa kazi. Ukuta wa namna hii huingiza unyevu na kuutoa, na kila baada ya miaka kadhaa hutaka kupakwa upya, kwa sababu chokaa ndiyo inayoliwa na mvua badala ya jiwe. Ndiyo kusema, nyumba hii ina deni la kudumu kwa wanaoishi ndani yake. Ikilipwa, hukaa karne. Isipolipwa miaka kumi ya mvua za masika, boriti huoza kwenye kichwa chake, pale inapoingia ukutani, na dari hushuka bila ya hodi.

Saruji ina pupa, chokaa haina. Fundi wa siku hizi hupewa wiki mbili na mwenye nyumba aliye mbali. Hana miezi ya kulaza chokaa, naye anajua kupiga lipu ya saruji. Kwa mwaka wa kwanza ukuta huwa umenyooka, unapendeza. Lakini umenyimwa pumzi: unyevu na chumvi hukwama nyuma ya saruji, jiwe likaanza kusagika ndani kwa ndani, na siku moja lipu yote ikaanguka kipande kimoja, ikiwa imebeba uso wa jiwe. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilitaka wenye majengo wayapake rangi nyeupe na kingo za buluu. Sina ugomvi na weupe. Mji huu ulikuwa ukipigwa chokaa nyeupe kabla ya Mreno kufika. Ila weupe wa chokaa ni dawa ya ukuta, na weupe wa kopo ni nguo ya sikukuu. Mwaka huohuo marufuku ya kukata miti ikaikumba hata mikoko ya Lamu, hadi ilipolegezwa baadaye, na mwenye kutaka korija moja ya boriti ili aokoe chumba chake akajikuta anatafuta chuma.

Nyuma ya ufundi kuna mambo ya ukoo. Nyumba moja ya Mji wa Kale huwa na warithi ishirini: mmoja Muscat, wawili London, mwingine Toronto, waliobaki wametawanyika Tudor, Likoni na Kisauni. Kisheria wote ni wenyewe. Kila mmoja ana haki ya fungu lake, hakuna mwenye haja ya nyumba. Anayeihitaji ni mpangaji wa chini, mwenye duka la manukato au fundi cherehani, naye hana idhini ya kugusa ukuta. Hivyo nyumba inakaa baina ya wenye haki wasio na haja, na wenye haja wasio na haki. Wazee waliotangulia walilijua tatizo hili, ndiyo sababu wengine waliweka wakfu, wakaifunga nyumba isigawanywe wala kuuzwa, mapato yake yaende kwa kazi maalumu. Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa umesimama tangu 1570, haukuvushwa na kodi ya serikali. Umevushwa na watu wanaouhitaji mara tano kwa siku, na utaratibu unaomzuia yeyote kuuza.

Sheria nazo zipo. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 imezipa mamlaka nguvu ya kumzuia mwenye mali asibomoe. Ni nguvu ambayo hata Marekani, pamoja na fahari yake ya kuorodhesha, haikuiweka katika rejista yake ya taifa. Huko sheria ya 1966 ilisukumwa, kwa kiasi kikubwa, na uchungu wa New York kuibomoa stesheni ya Penn kuanzia 1963. Tangu hapo hata mji mdogo wenye mtaa mmoja, benki ya zamani na kanisa la mbao huweza kujivunia majengo yaliyoorodheshwa. Lakini kwa mwenye mali binafsi, kuorodheshwa huko peke yake ni heshima. Hakumkatazi kubomoa akitumia fedha zake mwenyewe. Miji hiyo inayofanikiwa hufanikiwa kwa sababu benki ya zamani imegeuzwa maktaba au mkahawa, na watu wanaingia kila siku.

Na orodha ikiwa ya juu kabisa? Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mji Mkongwe wote ulitiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Jengo lile likawa makumbusho, likaanza kumomonyoka, likafungwa lisitumike, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya uso wake ikaporomoka, ikaua watu waliokuwa kazini kuliokoa. Ni miongoni mwa majengo ya Waswahili yaliyopigwa picha sana. Lakini kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeingia humo kwa shughuli yake ya kawaida, mtu wa kusema asubuhi kwamba ufa wa jana umeongezeka kidole.

Kwa hiyo ningependa tuanze kuhesabu kwa namna nyingine. Badala ya kuuliza jengo lina miaka mingapi, tuulize ni watu wangapi ambao siku yao itaharibika likifungwa. Mahakama ya zamani ya Mombasa, ya 1902, imepona kwa kupewa kazi ya maonyesho na ofisi za hifadhi. Nyumba ya Leven, iliyokaliwa kwa zamu na mabaharia wa Kiingereza, wamisionari na wafanyabiashara, ilikuwa gofu kabla ya kukarabatiwa. Usalama wake sasa uko kwenye shughuli zinazofanyika ndani kuliko kwenye lipu mpya. Kinyume chake, nyumba inayogeuzwa hoteli kwa kubakishwa uso wa barabarani, huku ndani kukitobolewa chote, imehifadhiwa kwa mpiga picha tu. Akienda, imebaki haja ya kiwanja.

Kama kaunti inataka kusaidia, basi isaidie haja za aina ya kwanza. Iwape wapangaji wa muda mrefu haki ya kutengeneza na kukata gharama kwenye kodi. Iwasaidie koo kuandika makubaliano ya nyumba zisizogawanyika, au kurudia wakfu kwa wenye kutaka. Ihakikishe pana tanuri la chokaa linalofanya kazi na boriti zinazopatikana kwa kibali kisichochukua mwaka. Hayo hayana utepe wa kukata, na hayataonekana kwenye picha ya gavana. Lakini yanaifanya nyumba ya mawe iwe rahisi kuishi kuliko kuuza, na hapo ndipo tunaposhinda au kushindwa vita.

Mbaraki yenyewe ina mtihani wake. Upande wa Mama Ngina umetengenezwa, ukafunguliwa upya 2019, na macho ya wapangaji miji yameshuka hadi horini. Siku moja atakuja mtu na mchoro wa kuuzungushia mnara uzio, taa za chini na kibanda cha tiketi, na atasema anauokoa. Ningemwomba aulize kwanza imamu wa msikiti ule watu wataingilia wapi Ijumaa, kisha awaulize madereva wa malori ni nani wanaotawadha hapo kabla ya zamu yao kufika. Mchoro utakaowafungia njia hao utakuwa umeondoa walinzi na kuacha uzio, na uzio, tofauti na mwenye haja, hauna sababu ya kurudi kesho.